Garissa yaiweza pombe, miraa bado kitendawili

MGENI anayetoka Nairobi kwa barabara ya Thika na Mwingi, akishavuka daraja la mto Tana na kuingia mjini Garissa, hutambua upesi kitu kimoja kinachokosekana. Katika miji aliyoipita njiani, mabango ya pombe yalimkaribisha kwenye kuta za maduka na mabaa. Hapa hayaoni.

Mikahawa ya Garissa huuza chai ya maziwa, tambi, na wali kwa nyama ya mbuzi au ya ngamia, huku ndizi mbivu ikiwekwa kando ya sahani ili iliwe pamoja na wali. Akina mama wauza maziwa ya ngamia hukaa sokoni na madumu yao. Mvuta sigara yupo, lakini hujitenga kidogo apitapo mzee anayemheshimu.

Adhuhuri inapopita, mji huanza kutazama barabara. Magari kutoka Meru yanatarajiwa, yakiwa na magunia ya miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke. Yakishafika, shughuli nyingine hupungua mwendo, na wanaume wengi ambao hawajawahi kuonja tone la pombe maishani mwao huanza kuchagua vitita vya kutafuna hadi usiku wa manane.

Hapo ndipo penye suala ambalo limewagonga vichwa masheikh, makadhi, wakuu wa wilaya wa enzi za Mwingereza na magavana wa enzi za ugatuzi. Jamii inayoishi kwa sheria kali kuhusu kile kinachoingia kinywani imeshindwa kukubaliana juu ya jani moja.

Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, zilihesabiwa kuwa na watu karibu milioni mbili na nusu katika sensa ya mwaka 2019. Wengi wao ni Wasomali na Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwao halali na haramu si somo la madrasa tu. Ni utaratibu wa jiko, wa bucha na wa safari, tangu namna ya kumchinja mnyama hadi mkono unaotumiwa kulia.

Katika utaratibu huo, marufuku ya pombe ndiyo iliyo thabiti zaidi, ingawa nayo haikuja kwa siku moja. Wafasiri wa Qurani wanaeleza kwamba katazo lilishuka kwa hatua: kwanza watu waliambiwa kwamba madhara ya pombe ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, na mwisho ikaharamishwa kabisa katika sura ya Al-Maida. Watu waliozoea kunywa walipewa muda wa kuzoea kutokunywa.

Mwenyeji wa Garissa leo hahitaji muda huo. Baba yake hakunywa, jirani yake hanywi, na karamu za harusi hazina kinywaji kikali zaidi ya soda. Yeye hana moyo wa chuma kumshinda kijana wa Nyeri au Busia. Tofauti ni kwamba hakuna anayemkaribisha kilabuni. Mwiko ambao mji mzima unaushika humchosha mtu mmoja mmoja kidogo sana.

Walimu, polisi, wanajeshi na watumishi wengine wa serikali kutoka sehemu nyingine za Kenya kwa desturi wamepata bia yao katika kantini za kambi, mbali na macho ya mji. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, iliyojulikana kwa jina la mbunge wa zamani wa Naivasha, John Mututho, iliweka masharti ya leseni na saa za kuuza pombe nchini kote. Katika eneo hili sheria hiyo ilikuta kazi imekwisha kufanywa na desturi.

Tumbaku haikupata msimamo ulio wazi kiasi hicho. Wanazuoni wa zamani waliihesabu kuwa jambo la kuchukiza tu, lakini kadiri tiba ilivyothibitisha madhara yake, wengi wamehamia upande wa kuiharamisha. Serikali nayo ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na mwishoni mwa mwaka 2017 ikapiga marufuku shisha. Pamoja na hayo, sigara na tumbaku ya kutafuna bado vinapatikana madukani.

Miraa ni hadithi nyingine.

Mmea wenyewe, ambao wataalamu huuita Catha edulis, unasemekana kuwa na asili yake katika nyanda za juu za Ethiopia, ukavuka bahari hadi Yemen. Nchini Kenya unastawi katika milima ya Nyambene, katika maeneo ya Igembe na Tigania, ambako baadhi ya miti imerithiwa vizazi kadhaa. Wameru walikuwa wakiutumia katika mashauri ya wazee na posa za harusi muda mrefu kabla haujawa biashara. Wasomali huuita qaad au jaad. Wakenya wengine husema veve, gomba au mairungi.

Qurani haiutaji. Jambo hilo pekee limezaa mabishano ya karne nyingi, na mabishano hayo hayakuanzia Garissa wala hayakuanza na miraa. Mwaka 1511 gavana wa Makka aliyeitwa Khair Beg aliwakusanya wanazuoni na matabibu, akapiga marufuku kahawa kwa hoja kwamba inalevya na kwamba watu wanaoinywa pamoja usiku hufanya mambo yasiyofaa. Marufuku hayo hayakudumu, kwani wakubwa wa Cairo waliyalegeza, na leo hakuna anayemuuliza sheikh kama kahawa ni halali.

Kahawa na miraa zilienea Uarabuni kupitia watu wale wale, yaani masufi waliohitaji kukesha katika dhikri. Karne hiyo hiyo ya kumi na sita, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, Ibn Hajar al-Haytami, aliandika risala maalumu juu ya miraa. Alisikiliza shuhuda zilizopingana, baadhi zikisema inalevya na nyingine zikisema inachangamsha tu. Mwishowe aliwahimiza watu waiepuke bila kuitia moja kwa moja katika orodha ya haramu. Kwa kuwa madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Wasomali, pengo aliloliacha bado liko wazi.

Wapo waliojaribu kuliziba. Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, kiongozi wa tarika ya Salihiyya aliyepigana na Waingereza kwa miaka ishirini hadi alipofariki mwishoni mwa mwaka 1920, alihubiri vikali dhidi ya miraa na tumbaku. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ya Kenya iliweka amri za kuizuia miraa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, lakini magendo yaliishinda na amri hizo zikaachwa. Mwaka 1983 serikali ya Siad Barre iliipiga marufuku nchini Somalia. Mwaka 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu, uliokuwa umeiteka Mogadishu, ulifanya vivyo hivyo. Tawala zote mbili ziliondoka, miraa ikabaki.

Mwaka 2020, virusi vya korona vilipoingia nchini, aliyekuwa gavana wa Mandera, Ali Roba, alizuia miraa kuingizwa katika kaunti hiyo. Somalia nayo ilifunga soko lake mwezi Machi mwaka huo na kulifungua tena Julai 2022, baada ya mazungumzo ya serikali hizo mbili. Uingereza, iliyokuwa soko kubwa kwa wakulima wa Meru, iliiharamisha Juni 2014, na marufuku hayo ndiyo yaliyowaumiza wakulima kwa muda mrefu zaidi.

Nchini Kenya kwenyewe, sheria inavuta upande mwingine. Tangu mwaka 2016 miraa inatambuliwa kuwa zao la biashara linalostahili kuendelezwa na serikali. Mwezi Mei mwaka 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipojaribu kuzuia muguka, jamaa wa karibu wa miraa anayelimwa Embu, suala hilo lilifikishwa mahakamani na kwenye Ikulu katika muda wa siku chache.

Sayansi haikuwasaidia sana wanaotaka jibu la mkato. Jani bichi lina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo humfanya mtafunaji achangamke, asahau njaa na asione usingizi. Baada ya miraa kuchumwa, kemikali hiyo hugeuka polepole kuwa kathini, iliyo hafifu zaidi, na katika muda wa siku mbili hivi nguvu nyingi huwa zimepotea. Ndiyo sababu magari ya miraa hukimbia kama yanayofukuzwa, na ndiyo sababu kitita cha jana hakina bei.

Kathinoni na kathini zote zimo katika orodha za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili. Jani lenyewe halimo. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ililichunguza na kuona kwamba uwezekano wake wa kumtia mtu utumwani ni mdogo, hivyo halikustahili kudhibitiwa kimataifa. Watetezi wa miraa huutaja uamuzi huo mara kwa mara. Ni nadra kutaja kwamba kamati ilikiri pia kuwa utumiaji wa kupita kiasi huleta matatizo ya afya na ya jamii.

Matatizo hayo yanajulikana nyumbani bila kamati. Mtafunaji hukosa usingizi na hamu ya chakula, choo hukauka, meno huharibika na shinikizo la damu hupanda. Kwa wachache, hasa wanaotafuna siku kadhaa mfululizo bila kulala, fikira huvurugika na kumwona kila mtu kuwa adui. Asubuhi yake hufuata uchovu na uzito wa roho ambao Wasomali wana jina lake, qaadiro, kama walivyo na jina la ule uchangamfu wa usiku, mirqaan.

Kile kinachowaudhi wake wa wengi wa watafunaji ni hesabu. Kijana wa kibarua anaweza kutumia kwa miraa ya siku moja fedha ambazo zingenunua unga na maziwa ya nyumba nzima, na hapo soda, njugu na peremende hazijahesabiwa. Malalamiko yanayofikishwa kwa wazee na makadhi kuhusu matunzo ya mke na watoto hurudia jambo lile lile: fedha zilikuwapo, zikatafunwa. Mume hulala asubuhi wakati wa kazi, na sala ya alfajiri humpita akiwa ndiyo kwanza amepata usingizi.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo wahubiri wengi wa siku hizi huitumia. Hawabishani kama miraa inalevya au hailevyi. Wanauliza: inafuja mali au haifuji? Inadhuru mwili au haidhuru? Inamchelewesha mtu sala au haimcheleweshi? Kanuni ya fiqhi ya kuepuka madhara na ile ya kukataza israfu hutosha, wanasema, hata kama mmea haukutajwa kwa jina.

Wanaoitetea nao hawakosi maneno. Katika mafrishi, yaani vyumba vilivyotandikwa mikeka na mito ambamo watafunaji hukaa wakiegemea ukuta, husuluhishwa ugomvi wa ukoo, hupangwa bei za ng'ombe na hupatikana habari za jamaa walioko Kismayu, Minneapolis au Dubai. Dereva wa lori la usiku kwenda Wajir huiona kuwa chombo cha kazi. Hakuna anayetoka mafrishini akipepesuka na kumpiga mkewe kama mlevi, husema wao. Wake zao hujibu kwamba aibu ina sura nyingi.

Kinachoukaza zaidi utata huo ni kwamba katika miji ya Wasomali muuzaji wa reja reja kwa kawaida ni mwanamke. Ameketi nyuma ya meza ndogo, miraa ikiwa imefunikwa kwa gunia bichi, na aghalabu ni mjane au mtalaka. Kwa biashara hiyo hulipa kodi ya nyumba, karo ya shule na ada ya mwalimu wa Qurani. Mtoto huhifadhi Kitabu kwa fedha za jani ambalo mwalimu wake, siku ya Ijumaa, humsikia khatibu akilikemea. Anayetaka kupiga marufuku miraa Garissa hana budi kueleza mwanamke huyo atauza nini siku ya pili.

Tatizo la kuishi kwa sheria ya zamani mbele ya kitu ambacho sheria hiyo haikukitaja si la Waislamu peke yao. Mfano ulio karibu nalo sana unatoka kwa watu wa mbali, wafuasi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kwa jina la Wamormoni.

Mwanzilishi wa kanisa hilo, Joseph Smith, alitangaza mafundisho yaitwayo Neno la Hekima tarehe 27 Februari 1833 katika mji wa Kirtland, jimbo la Ohio nchini Marekani. Yanakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, ambavyo viongozi wake walieleza baadaye kuwa ni chai na kahawa. Vilevile yanasifu nafaka, mboga na matunda katika majira yake, na kutaka nyama iliwe kwa kiasi, hasa wakati wa baridi au njaa.

Kama katazo la pombe katika Uislamu, nayo yalikazwa kwa hatua. Mwanzoni yalitolewa kama ushauri. Kuyashika kulikuja kuwa sharti la lazima la kuingia hekaluni mwaka 1921, chini ya rais wa kanisa Heber J. Grant, karibu miaka tisini baadaye.

Wamormoni nao wamekutana na vitu visivyotajwa. Je, soda zenye kafeini ni haramu? Kwa miaka mingi familia ziligawanyika, hadi kanisa lilipofafanua mwaka 2012 kwamba hazikukatazwa. Mwaka 2019 jarida la vijana la kanisa lililazimika kueleza kwamba sigara za kielektroniki, chai ya kijani na vinywaji vya kahawa vyenye majina ya kigeni vyote vimo ndani ya katazo. Tofauti ni kwamba kanisa hilo lina makao makuu yanayoweza kutoa kauli ikafuatwa kutoka Utah hadi Nairobi. Masheikh wa Garissa hawana kiti cha namna hiyo, na kila mtafunaji anaweza kumtafuta mwanazuoni anayempendeza.

Kanisa hilo lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na hekalu lake la Nairobi lilifunguliwa mwaka 2025. Mfuasi wake Mkenya haoni taabu kubwa kuacha kahawa, ambayo nchi hii hulima zaidi ya inavyoinywa. Mtihani wake ni chai. Kenya ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje, na nyumbani chai ni kifungua kinywa, ni ukarimu, ni mapumziko ya kazi. Hata hongo imepewa jina hilo.

Mfuasi huyo akihamishiwa kazi Garissa atakuta mambo yamegeuka. Pombe iliyokuwa ikimkera jirani yake mjini Nairobi haimkaribii. Jioni yake itakuwa tulivu na wenyeji wake watamwelewa haraka kuliko Wakristo wenzake wengi. Hata desturi yake ya kufunga mara moja kwa mwezi na kutoa fedha za milo aliyoiacha kwa ajili ya maskini haitawashangaza watu wa Ramadhani na zaka. Lakini kila mlango atakaobisha ataletewa kikombe cha shaah, na itambidi aeleze kwa upole, kila mara, kwa nini hakigusi.

Chai hiyo inastahili kutazamwa kwa makini hata na wasio Wamormoni. Huchemshwa pamoja na maziwa, iliki, tangawizi na mdalasini, na sukari hutiwa bila huruma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu zote anazopata mtu kwa chakula, yaani takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Kijiko kimoja cha chai hubeba gramu nne hivi. Anayekunywa vikombe vitano vyenye vijiko vitatu kila kimoja amepata gramu 60 kabla ya kula chochote kitamu, na mtafunaji wa miraa, ambaye huondoa uchungu wa jani kwa soda na chai usiku kucha, hupita hapo mbali. Aidha, chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, jambo lisilofaa kwa mama mjamzito. Hakuna khutba inayotolewa dhidi ya sukari. Ni halali.

Upande wa chakula chenyewe, mfugaji wa kaskazini mashariki huishi kwa kanuni ambayo hakuna aliyemwandikia. Watu wa miji mingine hudhani kwamba Msomali hula nyama kutwa, pengine kwa kuwa soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Mwenye ngamia porini kwa kweli huchinja mara chache. Mnyama ni akiba yake, ni mahari na ni dia. Chakula chake ni maziwa.

Maziwa ya ngamia yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, neema kubwa katika nchi ambayo mboga ni adimu. Huhifadhiwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi wa kuni maalumu, ambao huyapa ladha yake na kuchelewesha kuharibika. Wengine huyaacha yachachuke yakawa susa. Nyama inapopatikana, hukatwa vipande vidogo, hukaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli kwa iliki ikawa nyirinyiri, ambayo hukaa miezi bila jokofu. Msafiri aliyefungiwa nyirinyiri na mama yake ana chakula cha halali popote atakapofika, hata katika bweni la shule lisilo na bucha ya Kiislamu.

Ukame hugeuza mpango huo. Majike hukauka maziwa, bei ya mnyama huanguka, na hapo ndipo nyama huliwa kwa wingi, kwa kuwa ng'ombe asiyechinjwa leo atakufa kesho. Mnyama aliyejifia ni haramu, hivyo kisu hushindana na njaa. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mizoga iliyotapakaa kando ya barabara za Wajir na Garissa ilikuwa hasara mara mbili: mali imekwenda, na hailiki.

Kando ya mto Tana hali ni nyingine. Mashamba ya kumwagilia hutoa maembe, ndizi, mapapai na matikiti, na mboga zimeanza kuingia katika sufuria za mjini. Vijana waliokulia Garissa hula sukumawiki bila kuona haya, ingawa babu zao wangeita majani hayo chakula cha mbuzi. Kwamba babu huyo huyo aliyedharau majani ya sukumawiki hukaa usiku kucha akitafuna majani ya Meru ni mzaha ambao wajukuu hawachoki kuurudia.

Mwezi wa Ramadhani huweka mambo haya yote mizanini. Kwa kuwa Garissa iko karibu kabisa na ikweta, saumu yake hubadilika kidogo sana mwaka hadi mwaka na hudumu saa kumi na tatu na zaidi kidogo. Kutwa nzima hakuna chai, hakuna sigara, hakuna miraa. Mtafunaji wa miaka ishirini hushinda hivyo siku thelathini, akiwa na kichwa kinachomwuma siku za kwanza, kisha akazoea.

Wapo wanaoutumia mwezi huo kuacha kabisa. Imamu huwatia moyo, ndugu huwatazama, na dalili za kuacha miraa hupita katika muda wa siku chache, tofauti na zile za pombe zinazoweza kumuua mlevi wa muda mrefu. Anayefanikiwa mara nyingi ni yule aliyehama pia baraza lake la jioni, kwa sababu ni vigumu kukaa mafrishini mikono mitupu huku wenzake wakichambua vitita.

Wengine hungoja. Wauzaji wameshajua saa zao za mwezi huo, na meza zilizokuwa zikipangwa alasiri hupangwa baada ya futari. Watu wakitoka kwenye tarawehe, taa ndogo huwa zimewashwa kando ya barabara, gunia bichi limefunuliwa, na mama muuzaji, aliyekuwa safu ya nyuma ya wanawake katika sala hiyo hiyo, anahesabu vitita vya wateja watakaotafuna hadi saa ya daku.